Pafukapo Moshi, ni Moto Upi? Rai Juu ya Kufundisha Uchafuzi wa Hewa

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huziona nyepesi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha ni ile ya uchafuzi wa hewa. Andalio la somo hukamilika upesi. Picha ya kiwanda chenye dohani ndefu hubandikwa ubaoni, mwalimu huwataka watoto wataje vyanzo vya uchafuzi, nao hujibu kwa sauti moja: viwanda, magari na uchomaji wa takataka. Majibu huandikwa, watoto huyanakili, na kengele hulia. Siku ya mtihani orodha ileile huulizwa, nayo hutolewa neno kwa neno.

Hatusemi kwamba orodha hiyo ni ya uongo. Viwanda hutoa moshi, magari hutoa moshi, na takataka zikichomwa hutoa moshi mbaya zaidi. Lakini somo la namna hiyo humfundisha mtoto jambo jingine ambalo mwalimu hakulikusudia, yaani kwamba hewa chafu ni habari ya watu wa mbali. Mtoto wa kijijini ambaye hajapata kuona kiwanda hurudi nyumbani, akaketi karibu na mafiga, akapangusa machozi yaliyoletwa na moshi, wala asitambue kwamba ameketi katikati ya somo la asubuhi. Mtoto wa mjini naye hujifunza kunyoshea kidole dohani iliyo ng'ambo ya pili ya mji, hali lori linaunguruma mbele ya dirisha la darasa lake.

Rai yetu katika makala haya ni kwamba mada ya uchafuzi wa hewa isifundishwe kama orodha ya watuhumiwa, bali ifundishwe kama uchunguzi. Methali hutuambia kwamba pafukapo moshi pana moto. Hilo ni kweli, lakini methali haituambii ni moto upi. Kazi ya mwalimu wa sayansi huanzia pale methali inapoishia: kumwongoza mtoto aulize masizi haya yametoka katika moto gani, kisha ajue ni ushahidi wa aina gani unaoweza kumpa jibu.

Masizi ni kitu gani

Kabla ya kumfundisha mtoto, mwalimu hana budi kuyajua mambo yenyewe. Kila kitu tunachokichoma ili tupate joto au mwanga, kiwe kuni, mkaa, mafuta ya taa, dizeli au makaa ya mawe, kina kaboni ndani yake. Kikiungua mahali penye hewa ya kutosha na joto la kutosha, kaboni hiyo huungana na oksijeni ikawa hewa ya ukaa. Lakini hewa ikipungua, au joto likishuka kabla ya mwako kutimia, sehemu ya kaboni hubaki bila kuungua, ikajikusanya kuwa chembe ndogo nyeusi. Chembe hizo ndizo masizi. Kwa hiyo masizi ni alama ya mwako usiotimia, na kila mwako usiotimia ni kuni au mafuta yaliyopotea bila kutoa joto lake lote.

Jambo hili si geni katika ufundishaji. Msimu wa Krismasi wa mwaka 1860 mwanasayansi Michael Faraday aliwafundisha vijana mjini London mfululizo wa masomo ya kemia akitumia mshumaa kuwa zana yake kuu. Aliwaonyesha kwamba rangi ya manjano ya ule mwali hutokana na chembe za kaboni zilizopashwa moto hata zikang'aa. Yaani masizi yamo ndani ya mwali wenyewe kabla hayajaonekana ukutani. Mshumaa ungali unauzwa katika kila duka la kijiji, na mwalimu asiye na maabara anaweza kulirudia somo hilo kwa gharama ndogo.

Ama kuhusu afya, chembe za masizi huhesabiwa katika kundi la chembe ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5, kipimo ambacho ni kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua na koo haziwezi kuzizuia, nazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Mwaka 2012 wakala wa Shirika hilo unaochunguza saratani ulitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Basi moto wa jikoni na moto wa injini wote wawili wamo katika mashitaka, na hapana hata mmoja unaostahili kusahauliwa darasani.

Lipo jambo jingine ambalo lapasa kumpa mwalimu matumaini. Hewa ya ukaa ikishapanda angani hukaa humo kwa karne na karne. Masizi hayana umri huo. Hubaki hewani kwa siku chache, pengine juma moja au zaidi kidogo, kisha mvua huyaosha au hutua yenyewe. Maana yake ni kwamba chanzo kikijulikana kwa hakika na kikazuiliwa, hewa hutakata upesi, na waliofanya juhudi hiyo huyaona matunda yake wao wenyewe. Lakini sharti chanzo kijulikane. Tukiuacha moto unaotoa masizi na kuuzima usiotoa, tutakuwa tumefanya kazi ya bure.

Jicho peke yake halitoshi

Watu wengi hudhani kwamba chanzo hutambulika kwa kutazama tu: penye moshi mwingi ndipo penye masizi mengi. Mwalimu asikubali wazo hilo lipite bila kulijaribu.

Tuchukue kibatari. Mwali wake ni mdogo, na moshi wake hauonekani sana ukilinganishwa na ule wa kuni. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba katika kila gramu 100 za mafuta ya taa zinazoungua katika taa ya utambi isiyo na chemni, gramu 7 hadi 9 hugeuka kuwa masizi. Kwa kuni kiasi hicho hakifiki hata gramu 1. Ni kweli kwamba jiko la kuni huteketeza vitu vingi zaidi kwa siku kuliko kibatari, na kwa sababu hiyo haliwezi kuachiliwa huru. Lakini nani angekishuku kibatari, kilichowekwa mezani karibu kabisa na uso wa mtoto anayesoma? Katika nyumba nyingi taa za sola zimekwisha kushika nafasi yake, na hilo ni jambo la kushukuru. Pale ambapo kibatari kingali kinawaka, mwalimu anayo zana ya somo na onyo la afya kwa pamoja.

Tuchukue tena kuni mbichi. Moshi wake ni mzito na mweupe, na watoto watasema kwa haraka kwamba huo ndio wenye masizi kupita wote. Kumbe weupe ule ni mvuke wa maji pamoja na matone madogo ya vitu vilivyotolewa na mti kabla ya kuungua. Moshi huo hudhuru mapafu, lakini si mweusi kwa kuwa haukujaa masizi. Masizi mengi hutoka wakati miali mikubwa ya manjano inapowaka bila kupata hewa ya kutosha.

Na tuchukue mkaa. Ukikwisha kukolea, mkaa hauonyeshi moshi wowote wa maana, na sahani nyeupe ikishikwa juu yake huchafuka kidogo tu. Mtoto asiachwe aondoke na fikira kwamba mkaa hauna hatari. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Mfano huu mmoja watosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba yale yanayoonekana na yale yanayodhuru si lazima yawe kitu kimoja.

Historia nayo yatufundisha jinsi jicho linavyopenda kukimbilia dohani kubwa. Mwaka 1661 mwandishi mmoja wa Uingereza aitwaye John Evelyn aliandika kijitabu juu ya moshi wa London. Aliwalaumu wapika pombe, wachoma chokaa na wapika sabuni, akaona kwamba mioto ya majumbani ya kupikia haikuwa na mchango mkubwa. Karibu miaka 300 baadaye, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji huohuo. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba watu kama 4,000 walikufa, na wataalamu wa baadaye walikadiria kwamba huenda walifika 12,000. Sheria ya Hewa Safi iliyopitishwa mwaka 1956 haikuishia kwenye viwanda. Iliingia hadi majumbani, ikaruhusu mitaa itengwe ambamo hata moto wa sebuleni haukuruhusiwa kutoa moshi. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa ndani ya nyumba za wananchi muda wote huo, kando ya viti vyao.

Kisa cha wingu la Bahari ya Hindi

Tungependa wanachuo wakijue vizuri kisa kimoja cha siku za karibu, kwa sababu kinaonyesha namna wanasayansi wenyewe walivyotatua swali hili tunalotaka liulizwe darasani.

Wakati wa kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi kwenye pwani yetu kutoka Arabuni na Bara Hindi, utando wa moshi wa rangi ya kahawia hutanda juu ya Asia ya Kusini ukaelea mbali juu ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 wanasayansi wa nchi mbalimbali walishirikiana kuuchunguza kwa ndege, kwa meli na kutoka visiwani. Kwamba wingu lipo, hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya moto uliolizaa.

Wako waliohesabu kuni, samadi na mabaki ya mazao yanayochomwa majumbani, wakasema kwamba mioto hiyo inatoa nusu ya masizi au zaidi, hata kufikia asilimia 90. Wako waliopima madini yaliyomo katika chembe zilizonaswa hewani, wakaona dalili zinazoelekea kwenye mafuta ya petroli na makaa ya mawe. Makundi haya mawili hayakuwa na wajinga wala waongo. Kila moja lilikuwa na ushahidi wake, na ushahidi huo ulipingana.

Jibu lilipatikana ndani ya kaboni yenyewe. Juu angani, miale itokayo anga za mbali huzalisha aina ya kaboni iitwayo kaboni 14. Mimea huivuta pamoja na hewa ya ukaa inapojitengenezea chakula, kwa hiyo kila mti ulio hai una kiasi chake. Mti ukifa hauongezi tena kaboni hiyo, na ile iliyomo hupungua polepole: kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu yake hutoweka. Kuni iliyokatwa juzi ingali nayo karibu yote. Mafuta ya petroli na makaa ya mawe, ambayo yamelala ardhini kwa mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake. Kwa hiyo masizi ya kuni na masizi ya dizeli, ambayo kwa jicho ni meusi sawasawa, hutengana mara moja yakipimwa kaboni 14.

Örjan Gustafsson wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wenzake walikusanya chembe za hewa ya msimu huo katika kisiwa cha Hanimaadhoo huko Maldivi na katika kilima cha Sinhagad, magharibi mwa India. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Waliona kwamba thuluthi mbili ya kaboni yote iliyokuwa katika chembe hizo ilitoka katika kuchoma kuni na mimea mingine. Kwa masizi yenyewe, sehemu hiyo ilikuwa kati ya nusu na thuluthi mbili, kulingana na njia iliyotumika kuyatenga. Basi jiko la kuni na shamba linalochomwa vilikuwa na sehemu kubwa kuliko wengi walivyodhani, lakini magari na viwanda navyo havikutoka katika kesi bila hatia.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya njia hiyohiyo kwa hewa itokayo China, na huko ikaonekana kwamba karibu asilimia 80 ya masizi yalitoka katika makaa ya mawe na mafuta ya petroli. Tazama basi: bara moja, rangi moja ya masizi, lakini majibu mawili. Mwalimu anayekariri jibu la mahali pamoja na kulipeleka mahali pengine amekwisha kukosea kabla hajaanza.

Njia ya kaboni 14 nayo ina mipaka yake. Hutenga kilichokufa zamani na kilichokuwa hai juzi, basi. Haiwezi kutenganisha jiko la mama na moto wa shamba, wala lori na mtambo wa makaa ya mawe. Kwa sababu hiyo wataalamu hutafuta alama nyingine. Kuni ikiungua, selulosi yake hutoa aina ya sukari iitwayo levoglukosani, ambayo dizeli haina. Mafuta mazito yanayotumiwa na meli huacha alama za madini ya vanadiamu na nikeli. Hakuna alama moja inayotosha peke yake. Hukumu hutokana na mashahidi kadhaa wanaokubaliana.

Uchunguzi huu darasani

Mwanachuo atauliza: sisi tusio na mitambo hiyo tutafanya nini? Jibu letu ni kwamba mtambo haupatikani, lakini mwendo wa fikira unapatikana, na mwendo huo ndio somo.

Somo la kwanza liwe juu ya mwali. Mwalimu mwenyewe awashe mshumaa mbele ya darasa, aingize mgongo wa kijiko baridi katikati ya sehemu ya manjano, kisha akitoe. Kijiko kitakuwa cheusi. Akipanguse, kisha akishike juu kidogo ya ncha ya mwali. Safari hii weusi utakuwa mdogo. Watoto waulizwe sababu kabla ya kuelezwa. Wataona kwamba kijiko kilipoingia ndani ya mwali kiliupoza na kuyanasa masizi ambayo yangemalizika kuungua.

Somo la pili liwe la kulinganisha, nalo lifanyike nje, mahali penye upepo. Sahani nyeupe zilizo sawa zishikwe kwa koleo, kwa kimo kilekile na kwa muda uleule, juu ya kuni kavu, kuni mbichi, mkaa uliokolea na kibatari. Watoto watabiri kwanza, waandike utabiri wao, ndipo watazame. Plastiki na mipira isichomwe kamwe kwa ajili ya majaribio, kwa maana moshi wake ni sumu.

Somo la tatu litoke nje ya darasa. Watoto wakate kadi nyeupe za ukubwa mmoja, wazipake mafuta ya mgando, wazitundike kwa siku moja katika sehemu nne: mlangoni mwa jiko la shule, ukingoni mwa barabara, dirishani pa darasa, na chini ya mwembe ulio mbali na vyote. Kadi ya tano ifungiwe ndani ya kasha ili iwe ya kulinganishia. Pamoja na kadi, kikundi kimoja kifunge kitambaa chepesi kwenye ufito na kuandika kila saa upepo unavuma kutoka wapi. Kikundi kingine kiandike saa ambazo moto wa jikoni umewashwa na saa ambazo magari yamepita kwa wingi. Zoezi lirudiwe kwa siku tatu au nne, na ikiwezekana siku moja iwe ya mapumziko, jiko la shule likiwa limezimwa.

Hapo ndipo ufundishaji hasa unapoanza. Tunashauri mwalimu achore ubaoni safu tatu: Tuliyoyaona, Tunayoyadhani, na Kitakachothibitisha. "Kadi ya mlangoni mwa jiko ni nyeusi kuliko nyingine" ni jambo la safu ya kwanza. "Weusi huo umetoka jikoni" ni jambo la safu ya pili, na mtoto anayetaka kuliingiza katika safu ya kwanza azuiwe kwa upole. Katika safu ya tatu waandike: tutazame kadi ya siku ambayo jiko halikuwashwa, tutazame kadi ya siku ambayo upepo ulivuma kutoka barabarani. Wakumbushwe pia kwamba vumbi la udongo huweza kuichafua kadi, na kwamba matairi nayo yana vumbi jeusi. Vumbi la udongo likisuguliwa kwa vidole hukwaruza. Masizi huteleza na kupaka weusi. Hata alama hiyo ni ya kusaidia tu, wala haitoshi kuwa hukumu.

Yawezekana mwisho wa juma darasa lisipate jibu la hakika. Mwalimu asiogope. Darasa linaloweza kusema "tunashuku jiko kwa sababu hizi mbili, lakini bado hatujaondoa shaka juu ya barabara" limejifunza sayansi zaidi kuliko lile lililokariri vyanzo kumi.

Pingamizi tulizozisikia

Wenzetu wengine husema kwamba uchunguzi wa namna hii hula vipindi vingi, na mtihani hauuliti. Ni kweli kwamba unahitaji muda. Lakini mtoto aliyetundika kadi kwa mikono yake hahitaji kukaririshwa vyanzo vya uchafuzi. Atavitaja na sababu zake, na kipindi kilichookolewa katika kukariri kitalipia kile kilichotumika nje.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linastahili heshima. Husemwa kwamba tukimpa mtoto ushahidi dhidi ya jiko la nyumbani kwao, tutampeleka kumfedhehesha mama yake. Hatari hiyo ipo. Mwalimu asiyejali anaweza kumfanya mtoto arudi nyumbani na kusema, "Mama, unatuua kwa moshi." Neno hilo ni ukatili, tena si kweli. Kutafuta chanzo cha masizi si kutafuta mkosaji. Anayevuta moshi mwingi kuliko wote ni yule anayepuliza moto, na mara nyingi hakuuchagua moto huo: bei ya gesi, umbali wa duka na mapato ya nyumba vimemchagulia. Mambo hayo nayo ni sehemu ya swali la chanzo, na mwalimu wa maarifa ya jamii na mwenzake wa sayansi wanaweza kulishughulikia pamoja.

Inafaa somo liishie kwenye yale ambayo nyumba inaweza kuyafanya leo: kukausha kuni kabla ya kuzitumia, kuzipasua vipande vyembamba, kufunika sufuria ili chakula kiive upesi, kupika nje au kufungua tundu la moshi juu ya jiko, na kuwaweka watoto wachanga mbali na moto. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo litahitaji fedha na mitungi, lakini litahitaji pia wananchi wanaoelewa kwa nini jiko libadilishwe. Wananchi hao wamo madarasani mwetu sasa.

Neno la mwisho kwa wanachuo

Tumelikazia jambo hili kwa sababu tunaamini kwamba linapita mipaka ya somo la hewa. Mtoto aliyezoea kupewa watuhumiwa tayari ataendelea kuwapokea ukubwani: ataambiwa ugonjwa umeletwa na fulani, hasara imeletwa na kabila fulani, ukame umeletwa na jirani fulani, naye atanakili kama alivyonakili ubaoni. Mtoto aliyefundishwa kuuliza moshi huu ni wa moto upi, na akasubiri ushahidi, ataliuliza swali hilohilo mahali pengine.

Kwa hiyo, mwanachuo utakapoandaa somo lako la uchafuzi wa hewa, itumie picha ya kiwanda ukipenda, lakini usianze nayo. Anza na kijiko na mshumaa, kisha watoe watoto nje wakatazame upepo unatoka wapi.